Jina la Tatu Kwenye Kadi

Kengele ya mlango ililia saa tisa na robo alasiri, na kupitia kioo cha ukungu Fusae Kumagai aliona kofia ya polisi.

"Tetsuji," alinong'ona bila kugeuka. "Ingia chumba cha nyuma."

Mdogo wake alikuwa amekaa miguu chini ya blanketi la meza yenye hita, anamenya chungwa. "Dada, nina miaka arobaini na saba. Unataka nimkimbie polisi na chungwa mkononi?"

"Nenda nalo hilo chungwa. Na usikohoe."

Siku ya polisi kuja mlangoni Fusae alikuwa ameingoja kwa hofu wiki tatu. Binti yake Honoka, aliyekuwa anamaliza chuo kikuu, alifanya mtihani wa polisi wa mkoa. Maandishi amepita, mbio amepita, usaili amefanya. Matokeo yangetoka Ijumaa. Mwaka huo polisi walitaka wenye shahada, kwa sababu walikuwa wanapunguza: vituo vitatu vya mtaani vinafanywa kimoja, askari wachache, gari moja, na vijana wasomi wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta.

Fusae mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaenda kupakia samaki kiwandani. Sasa alipika katika jiko la shule ya msingi, akikoroga supu ya watoto mia sita kwa mwiko mrefu kuliko yeye. Mambo ya kupunguza vituo hakuyaelewa sana. Alichoelewa ni kile walichosema wenzake wa jikoni: kabla ya kukuajiri, polisi wanachunguza ukoo. Baba alikuwa nani. Wajomba ni watu gani. Nani analala wapi.

Na Tetsuji, akiwa na miaka ishirini, alikuwa kwenye genge la pikipiki. Alimvunja mtu taya, akafungwa mwaka mmoja na nusu.

Fusae akafungua mlango. Alikuwa Afande Shoji wa kituo cha kona, mzee mwenye baiskeli nyeupe, aliyemfahamu tangu mumewe angali hai.

"Mama Honoka, samahani kukusumbua. Kituo chetu kinafungwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo napita kila nyumba na kadi mpya. Niandikie tu wanaoishi hapa."

Wanaoishi hapa. Ndiyo hii, aliwaza, wamekuja kwa mlango wa nyuma. Akaandika jina lake. Akaandika la Honoka. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa tatu, halafu akairudisha.

"Wawili tu?" Afande Shoji aliuliza.

"Wawili."

"Na Tetsuji?"

"Alihama. Yuko Sendai."

Afande Shoji akatazama chini. Pale mlangoni, kando ya viatu vidogo vya Honoka, yalisimama mabuti mawili ya mpira, makubwa kama ndoo, yamelowa oili ya gereji ya magari chakavu alikofanya kazi Tetsuji.

"Sendai ni mbali," alisema taratibu. "Haya. Saa kumi na moja nazipeleka zote kituo kikuu." Akaipanda baiskeli yake.

Tetsuji akatoka, chungwa bado mkononi. "Na huko Sendai nimeoa, au bado naangaliaangalia?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Naulizia mke wangu." Lakini chungwa hakulila tena. Alilirudisha kwenye bakuli likiwa limemenywa nusu.

Honoka aliporudi saa kumi na dakika kumi, mama yake alimsimulia yote, karibu kwa kujivunia. Binti akasimama na begi begani, rangi imemtoka.

"Mama, huo siyo uchunguzi. Ile ni kadi ya nyumba. Wanapita kila mlango, tetemeko likija wajue watafute watu wangapi kwenye kifusi."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo mjomba nilishamtaja! Kwenye usaili waliniuliza kwa nini nataka upolisi. Nikawaambia mjomba wangu alifungwa, na alipotoka askari wa kona alikuja kila Jumatatu kumuuliza kama amekula. Nikasema mpaka leo tunaishi naye." Akalishusha begi. "Sasa kuna karatasi inasema yuko Sendai, kwa mwandiko wako. Mmoja wetu mwongo, Mama. Na wataona ni mimi."

Fusae hakutafuta viatu vyake. Alitumbukiza miguu kwenye vilivyokuwa karibu na akatoka mbio na aproni, mabuti ya Tetsuji yakimpwaya na kupiga lami. Majirani wakamchungulia kati ya matunda ya kaki waliyoyatundika yakauke chini ya paa.

Taa za kituo cha kona zilikuwa zinawaka, lakini baiskeli haikuwepo. Zamani walikaa askari watatu pale. Sasa palikuwa na meza, simu, na kibao: *Tuko doria. Inua simu.*

Saa ya ukutani ilisema kumi na nusu. Labda ameshakwenda kituo kikuu. Fusae akainua simu.

"Kituo kikuu, Sakuma hapa," ilisema sauti ya kijana. "Kuna dharura gani?"

"Nimesema uongo."

"Umemwambia nani, mama?"

"Nimeandika. Kwenye kadi."

"Naomba jina lako."

Angeweza kuirudisha simu. Hakuna aliyemwona. Akilitaja jina la Kumagai, litakaa kwenye kompyuta pamoja na la Honoka.

"Kumagai Fusae," alisema. "Niliandika tuko wawili. Tuko watatu. Ndugu yangu Tetsuji yupo, hajaenda popote."

Akasikia vidole vinagonga kibodi. "Nimeandika, mama," kijana akasema. Neno hilo likamwingia kama baridi.

Hakuwa amefika mlangoni Afande Shoji alipoegesha baiskeli. Akatoa kadi, si kwenye mkoba wenye nyingine, bali mfuko wa kifuani.

"Hii sikuichanganya. Nilikuwa narudi kwako, nikupe nafasi ya kukumbuka." Akatazama miguu ya Fusae. "Naona mabuti yamerudi kutoka Sendai."

Fusae hakucheka. "Afande, nimeshawapigia. Nimewaambia."

Tabasamu la mzee likafa. "Kituo kikuu?"

"Kijana ameandika."

"Kikiingia kule, mimi sina uwezo wa kukifuta." Akamsogezea kalamu. "Andika jina lake. Angalau kadi na simu ziseme kitu kimoja."

Akaandika jina la tatu.

Siku tatu Honoka hakusema neno la ziada na mama yake. Walikula, waliosha vyombo, walilala.

Ijumaa saa nne matokeo yalipotoka, Fusae alikuwa jikoni kazini, ambako simu haziruhusiwi, anakoroga supu ya maharage. Kupitia dirisha la nyuma akamwona Tetsuji amesimama uani na mabuti yake. Hakuruhusiwa kuingia mahali pa chakula. Alikuwa anahema kama aliyekimbia, na usoni hapakusomeka kitu.

Mwiko ukasimama. Tetsuji akainua mikono. Ikipishana kifuani ni hapana; duara juu ya kichwa ni ndiyo. Mikono ikapita kifuani, Fusae akashika ukingo wa sufuria, ikaendelea kupanda, ikakutana juu ya kichwa, ikafanya duara kubwa.

"Fusae!" mpishi mkuu alimpigia kelele. "Unaunguza!"

"Iungue," alisema Fusae, na hakuuondoa uso wake dirishani.