Rock Mpya ya Mama Njoki

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Tangu nihamie Kimbo sikuwa nimepata mtu wa kuongea naye mambo ya rock. Majirani wakisikia zile gitaa zangu, hudhani spika imepasuka. Basi Jumamosi landlady wetu, Mama Njoki, akatuma voice note kwa grupu ya ploti: "Watoto wangu, nani anajua rock mpya nzuri? Hii ya zamani imechoka."

Machozi yalinilengalenga. Nikarekodi jibu mbio mbio. Nikamwambia aanze na albamu mpya ya wale vijana wa Thika walioirekodi ndani ya banda la kuku, mpaka kuku wanasikika kwa wimbo wa mwisho. Nikamtumia na filamu inayoonyesha walivyouza pikipiki ili wanunue ngoma. "Hii, Mama, inafungua hata roho iliyofungwa kabisa!"

Jioni nikamkuta getini na majirani wote, earphone za bintiye bado ziko masikioni.

"Nimesikiza yote, hata wale kuku," akasema. "Na hiyo filamu imeniliza. Asante sana, kijana wangu."

Nilitaka kumkumbatia. Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kusikiliza albamu niliyompa mpaka kwa kuku.

Kisha akainua kufuli iliyoliwa na kutu, ile lock ya geti. "Lakini rock nilikuwa naulizia ni hii. Sasa leo geti tufunge na gitaa?"