Aproni Niliyoifua

Mwezi uliopita nilikuwa Malaba, rafiki yangu, na ninajuta kwenda. Binamu yangu hununua viatu upande wa Uganda akaviuze Bungoma. Siku hiyo alitaka mtu wa kumsaidia kubeba, na mimi nilikuwa nyumbani sina kazi ya maana. Alipovuka nikabaki upande wetu kumsubiri. Nikajiambia, acha nitembee mpaka kwenye ile hoteli niliyofanyia kazi zamani, nimsalimie mama mwenye hoteli.

Ninaposema hoteli wewe unanielewa. Mabati, benchi za mbao, na jiko la kuni upande wa nyuma. Nilitembea nikapita pale ilipokuwa. Nikarudi, nikapita tena. Mwisho nikasimama kwenye uzio mrefu wa waya na kuchungulia. Ndani ni zege tupu, na malori machache yameegeshwa kwa adabu kama magari ya harusi. Hapakuwa na hata jiwe moja la jiko. Nilisimama hapo kama mjinga, pua yangu ikitafuta harufu ya karanga, ikaambulia dizeli.

Nilifika kwenye hoteli hiyo nikiwa na miaka kumi na mitano. Mwaka huo mto Nzoia ulivunja tuta ukaingia kwetu Rukala bila hodi. Ukabeba mihogo, kuku, choo, na madawati ya shule yetu ya upili, ambako nilikuwa kidato cha kwanza. Sisi tulilala kwenye mahema hadi mama yangu akachoka, akatuhamishia kwa mjomba huko Butula, katika nyumba ambayo tayari ilikuwa imejaa watu wa mjomba. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akiuza samaki mpakani akaniangalia na kusema, huyu ana mikono, mnipe nimpeleke Malaba. Hakuna aliyebisha. Nyumba ilipunguza mdomo mmoja.

Mama wa hoteli alikuwa Mteso wa Amukura, mrefu, mkavu, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye ofisi za makarani wa forodha. Hakuniuliza habari za mafuriko. Alinipa aproni ya buluu, akanionyesha msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akasema huu ni wako. Kisha akasema, "Vitunguu viko pale." Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa kazi.

Nataka uelewe kwamba nilipapenda pale. Watu wakisikia msichana alifanya kazi jikoni mpakani huanza kunihurumia, na mimi huwaacha wanihurumie kwa sababu kueleza ni kazi. Ukweli ni kwamba sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Asubuhi tulikaanga karanga, tukazisaga, na harufu yake ilipanda juu ya moshi na vumbi na kila kitu. Mama alinifundisha kupika eboo, majani ya kunde yanayoungwa na hizo karanga, na namna ya kusonga ugali wa mtama na muhogo bila kuumia mkono. Mimi nikamfundisha kambare wa moshi, jinsi tunavyompika kwetu. Alionja kwenye kiganja, akaonja tena. Kuanzia siku hiyo sufuria ya samaki ikawa yangu. Madereva wa Mombasa, wa Nakuru, wa wapi sijui, walikuwa wakipiga kelele kutoka juu ya malori, "Sista, ile samaki ya Rukala iko?" Mimi niliyefukuzwa na maji, nilikuwa na watu wanaoniulizia.

Siku hizo foleni ya malori ilianza kwenye geti la mpaka ikapita Amagoro. Dereva hangeweza kushuka kuja kula. Foleni ikisogea hayupo, wenzake wangempita, na akisinzia mafuta yangenyonywa kwenye tangi. Kwa hiyo chakula kilimfuata. Tulibeba mabeseni kichwani, sahani zimefunikwa kwa vitambaa, tukatembea kando ya magurudumu tukiita. Tulijua huyu hali pilipili, huyu anataka supu kwanza, huyu mzee wa lori la saruji hana meno ya nyuma, mletee nyama laini. Taniboi wake, kijana wa kumsaidia kwenye lori, alinitania kila siku kwamba ataniposa kwa debe la chumvi, na mimi kila siku nikamwambia chumvi tunayo.

Kulikuwa na sheria moja ambayo mama hakuilegeza kamwe. Kikombe cha dereva anayeondoka hakioshwi mpaka lori lake livuke daraja la mpakani. Msafiri ukimwoshea chombo bado yuko njiani, alisema, umemfuta. Siku moja msichana mgeni alikiosha kikombe cha dereva wa Eldoret kabla hajavuka. Mama alimchapa na kitambaa cha vyombo. "Wee! Hiyo kikombe nani alikwambia uoshe? Mwenyewe bado yuko kwa njia!" Mchana mzima alikuwa akituma watu waulize kama lori hilo limepita salama. Lilipita. Hata hivyo msichana hakusamehewa upesi.

Wasichana walikuja na kuondoka. Mmoja alikwenda kwa dada yake Bungoma, mwingine akaolewa Tororo. Nao waliondoka vibaya, niliona mimi. Walitundika aproni kwenye msumari ikiwa na mafuta na unga vilevile, wakachukua mfuko wao, wakatoka kana kwamba wanakwenda dukani kununua kiberiti. Hakuna asante, hakuna mkono. Nyanya yangu angewakemea. Nyanya alinilea kwa maneno mawili: kitu cha mwenzio kirudishe kikiwa kisafi kuliko ulivyokipokea, na anayeondoka bila kuaga ana alichoiba. Niliwadharau wale wasichana kimoyomoyo. Baada ya miezi, mmoja wao angetokea tu mlangoni, akatoa aproni yake kwenye msumari ikiwa na uchafu wake wa zamani, akaivaa. Mama hakushangaa. Alisema tu, "Vitunguu viko pale." Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili na hayakuniambia kitu.

Mwaka ulipotimia tangu nifike, muhula wa pili ukikaribia, mwalimu wangu wa zamani wa Rukala alinitumia habari kwamba amenipatia nafasi katika shule ya bweni, si mbali na Butula, na kanisa moja lingenisomesha. Jirani muuza samaki aliniletea habari hiyo akicheka kwa furaha. Mimi nililia mpaka kamasi. Nilimwambia mama wa hoteli sitaki kwenda. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa.

"Shule ni shule," akasema. "Enda. Likizo si iko?"

Neno hilo la likizo ndilo nililolishika. Nikapanga maisha yangu yote juu yake. Muhula nitakuwa shuleni, likizo nitakuwa Malaba kwenye sufuria yangu, na kule kwa mjomba nitapita tu kumsalimia mama yangu na wadogo zangu. Kwa mjomba hapakuwa na pahali pa mimi kulaza mbavu, na mke wake alikuwa na namna ya kutazama mtoto wa watu anapochukua tonge la pili. Rukala hapakuwa na nyumba tena. Kwa hiyo ukiniuliza kwetu ni wapi wakati huo, kwetu kulikuwa msumari nyuma ya mlango.

Siku ya kuondoka niliamua kuaga kama mtu aliyelelewa. Jana yake niliifua ile aproni kwa sabuni ya kipande, nikayasugua madoa kwa majivu, nikaianika kwenye ua ikawa buluu ambayo hata mimi sikuwahi kuiona. Nikaazima pasi ya makaa kwa fundi cherehani wa jirani, nikainyoosha, nikaikunja kona kwa kona. Asubuhi nilipita kwenye foleni nikiaga madereva niliowajua. Walikosa raha. Mmoja alipandisha kioo. Yule mzee asiye na meno ya nyuma alinikatiza, "Sista, sema tu tutaonana. Usiseme mambo mingi." Nilidhani ni huzuni.

Kisha nikaingia jikoni, nikamkabidhi mama ile aproni kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa na unga. Aliitazama muda mrefu.

"Umefua."

"Ndio, mama."

"Na umepiga pasi."

"Ndio, mama. Asante kwa kila kitu. Mungu akubariki."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Hakuirudisha msumarini. Aliiweka ndani ya sanduku la mbao alimowekea vitambaa vya meza vya wageni, akafunika. "Haya," akasema. "Enda salama." Akarudi kwenye ugali. Nilisimama nikingoja anikumbatie, au anitanie, au hata anikemee. Mpishi mkubwa, dada aliyekuwa pale kabla yangu, alinitazama kama mtu aliyeangusha mtungi, kisha akachukua kikombe changu cha chai nilichokuwa nimenywea asubuhi, akaanza kukiosha. Mimi, kichwa maji, niliona wananisaidia kazi. Niliondoka nikijisifu kwamba katika wasichana wote waliopita pale, mimi peke yangu nilikuwa na adabu.

Likizo ya Agosti nilikuja moja kwa moja kutoka shuleni, sanduku langu la bati kichwani. Nilipita mlango wa nyuma kama zamani. Kwenye msumari wangu ilining'inia aproni ya maua. Kabla sijasema neno mama akatokea, na yeye aliyekuwa akinifokea kila siku, leo alinisalimia kwa Kiteso, yoga, kama anavyowasalimia wageni wa heshima. Akanishika mkono akanitoa jikoni. Akanipeleka kwenye benchi ya mbele. Akapangusa meza. Akaleta maji ya moto kwenye birika, akaninawisha mikono yeye mwenyewe.

Sijui kama umewahi kunawishwa hivyo mahali ulipozoea kula umesimama, ukilamba mwiko. Maji yale yaliniunguza, na hayakuwa ya moto sana.

Akaniletea samaki. Alikuwa wangu, kambare wa moshi, lakini aliyempika alizidisha chumvi. Nilikula polepole nikimsubiri mama aseme vitunguu viko pale. Alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kifuani, ananitazama. Hakusema. Na mimi nikiwa mgeni huwa sijinyanyui, nilifunzwa, mgeni hungoja aambiwe. Nikamaliza sahani, maana kubakisha chakula cha mtu ni matusi. Nikashukuru. Nikabeba sanduku langu nikashika njia ya Butula, nikilia waziwazi barabarani, na malori yakinipigia honi.

Likizo zote zilizofuata nililala kwa mjomba kati ya magunia ya mahindi. Nilichota maji, nikafua nepi, nikatazamwa kwenye tonge la pili. Nilisoma kwa hasira, na hasira husomesha, sikatai. Sikurudi tena kwenye ile hoteli. Nilimchukia yule mama miaka mingi, na nilimkumbuka kila siku niliyomchukia.

Basi siku ile pale kwenye uzio, mtu akaniita kwa jina la kwetu, "Rukala!" Alikuwa yule dada mpishi, sasa mtu mzima, anauza chapati chini ya mwavuli. Biashara mbaya, akaniambia. Malori siku hizi hayalali, yanafika yanapita, nani atakula? Wenye serikali wanafurahi. Walipopanua maegesho waliing'oa hoteli asubuhi moja. Mama alirudi Amukura, na huko ndiko alikozikwa, mwaka juzi.

Nilikaa kwenye jiwe. Kisha likanitoka lile swali nililolibeba tangu utotoni: nilimkosea nini?

"Si ulifua," akasema, akigeuza chapati. "Aproni ukifua, umemaliza hapa. Ni kama ile kikombe. Sisi wote tulijua."

"Na mbona hakuna aliyeniambia?"

"Tungekwambia aje? Ulikuwa msichana wa shule. Tulidhani unajua, na umekataa jikoni." Akanipa chapati, sikuila. "Lakini ile siku ya Agosti, hiyo ilikuwa yako tu. Mama alisimama kwa mlango anakungoja. Ungeamka kwa benchi, uingie, uchukue kisu. Angesema nini? Hangesema kitu. Wewe ukakaa."

"Aliniketisha yeye!"

"Eeh. Na wewe ukakaa."

Nikamuuliza kama mama aliwahi kuniulizia. Alifikiri, maana si mwongo. "Hapana," akasema. "Yeye hakuulizanga mtu."

Nina hasira, rafiki yangu, na sina wa kumkasirikia. Mama yuko chini ya udongo wa Amukura. Nyanya yuko chini ya udongo wa Rukala, ule ambao mto unaurudia kila unapotaka. Wote wawili walinifunza vizuri. Ningesimama tu. Hatua tatu nne kutoka benchi hadi jikoni, na ningekuwa na kwetu mpaka siku walipoleta zege.

Leo mimi ni mwalimu. Siku ya kufunga shule watoto wa darasa langu hunijia mmoja mmoja kuniaga, wamenyoosha sare, mama zao wamewafunza kutoa mkono. Mimi huinamia droo nikajifanya natafuta chaki, hadi wa mwisho atoke.