Unga wa Agiaras

Lukresia alipoanza kazi ya upishi nyumbani kwa Kishor, mwenye duka la vitambaa pale Songea mjini, hakushindwa na viungo wala samli. Alichoshindwa kukielewa ni kufunga kwa bibi. Mama yake Kishor, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, alikuwa na siku zake mbili kila mwezi: ya kumi na moja mwezi unapokua, na ya kumi na moja mwezi unapopungua. Aliziita Agiaras. Siku hizo hakutia mdomoni nafaka ya aina yoyote, wala maharage, wala dengu. Lakini viazi alikula. Karanga alikula. Maziwa na ndizi alikula, na vyapati vya unga wa muhogo, vya moto, vilivyopakwa samli.

"Hiyo nayo ni kufunga?" Lukresia alimwuliza mumewe Hironimus jioni moja huko Ruhuwiko, wakacheka wote wawili. Lukresia alilelewa Maposeni, ambako Ijumaa Kuu mtu alishinda na kikombe cha uji na bado akafuata Njia ya Msalaba kwa miguu. Mfungo wa samli ulimchekesha kwa muda mrefu, na sisemi kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa tu na ile hali ya kuamini kwamba Mungu anahesabu njaa za kwao peke yake.

Sharti la Ba lilikuwa moja. Muhogo wa Agiaras utwangwe kwa mkono, katika kinu alichokinunua kwa kazi hiyo tu.

"Mashine hapana," alimwambia. "Mashine inasaga mahindi ya watu wote. Unga wa mwenzako unabaki ndani, halafu unatoka na wa kwako."

Lukresia aliitikia, akatwanga. Makopa ya muhogo yalikuwa makavu na magumu, na mabega yalimuuma, lakini alitwanga na kuchekecha kwa uaminifu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa yakiuza vumbi yakajaa sabuni na khanga, na kila aliyejiweza akaleta mashine. Moja ikafungwa nyuma ya soko. Siku moja ya masika, Ba akiwa amejipumzisha, Lukresia aliyafunga makopa kwenye khanga akaenda nayo. Mama aliyemtangulia alikuwa ndiyo kwanza amemaliza debe lake la mahindi. Mzee Athanasi, mwenye mashine, alikuwa mtu wa haki.

"Unga wa mwanzo utakuja na mahindi kidogo," alisema. "Nikutolee pembeni?"

"Weka tu, Baba. Utapotea bure."

Ba alivila vile vyapati na kuusifu unga kwa ulaini wake. Lukresia aliona haya kidogo, halafu akazoea. Kila aliporudi kutoka mashineni alikuwa akikipaka kinu unga kiganja kimoja ili kionekane kimefanya kazi. Ujanja huo ulimpendeza kuliko unavyopaswa kumpendeza mtu mzima.

Huko nyumbani alikuwa na jambo zito zaidi. Binti yake wa pekee, Ida, alikuwa na kifafa. Madaktari wa misheni walimpa vidonge, navyo vilipunguza, havikumaliza. Shule waliogopa kumpokea, kwa hiyo alikuwa akishinda na mama yake jikoni kwa Kishor, na Ba alikuwa amemfundisha kutunga shada za maua. Kisha, mwishoni mwa mwaka uliotangulia, bila mtu kujua sababu, kuanguka kukakoma. Miezi ikapita. Ida akaandikishwa darasa la kwanza, na Lukresia akaanza kulala usingizi wa watu.

Kipupwe kilipokuwa kinaisha, Ida alianguka penye mafiga, na mkono wake wa kulia ukaungua hadi kiwiko.

Lukresia alirudi kazini macho yamevimba. Ba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyepigwa.

"Basi nimefunga vibaya," alisema.

"Kufunga kwako kunaingiaje hapa, Ba?"

Ndipo mama mzee akamweleza. Sikukuu ya Diwali iliyopita, mwishoni mwa mwaka, baada ya Ida kuanguka pale pale mlangoni, aliweka nadhiri. Agiaras zake zote za maisha alizifunga kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Hizi za mwaka mmoja, mpaka Diwali ijayo, thawabu yake yote alimpa Ida. Daktari alikwisha kumkataza kufunga kwa sababu ya kisukari, na yeye alikuwa tayari kuacha. Aliendelea kwa ajili ya mtoto.

"Sikukwambia kwa sababu nadhiri haitangazwi," alisema. "Nafaka sijaonja hata mara moja. Sijui nimekosea wapi."

Lukresia aligeukia jiko akakoroga sufuria isiyokuwa na haja ya kukorogwa. Alikuwa Mkatoliki, anasali rozari, na alijua padri angemwambia nini kuhusu mambo kama haya. Haikumsaidia. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na hofu: mwanawe alikuwa ameombewa na mtu mmoja mwenye moyo safi, na yeye mama mzazi ndiye aliyeyaharibu maombi hayo kwa unga wa debe la mtu baki.

Siku hiyo hiyo alirudi kwenye kinu. Akatwanga mpaka viganja vikatoa malengelenge, lakini ya nyuma hayakutwangika upya.

Wiki ya kuelekea Diwali, Kishor aliingia jikoni akafunga mlango.

"Sikukuu ikipita, Ba hafungi tena. Amenikubalia. Nawe nisaidie, akisahau umkumbushe. Mwezi uliopita alizimia bafuni, Lukresia. Mwaka mwingine wa namna hii hataumaliza."

"Sawa, bosi," alisema.

Akinyamaza, Ba angepumzika na kuishi, na Ida angebaki na mwaka uliooza. Akisema, anamjua Ba. Ba angeanza upya. Watu wanaokiri makosa hupewa sifa ya ukweli, lakini Lukresia alijua vizuri, alipokuwa akivua kandambili mlangoni kwa mama yule, kwamba ukweli haukuwa haja yake. Alikwenda kumwambia ili Ba aanze upya.

Alimweleza yote: mashine, mahindi, kile kiganja cha unga kwenye kinu.

"Tangu lini?"

"Tangu masika, Ba."

Mama mzee aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa analia, na Lukresia akangoja kufukuzwa. Moyoni karibu aliomba afukuzwe. Badala yake Ba aliweka mkono juu ya kilemba cha Lukresia.

"Mwingine angeogopa kazi yake, anyamaze. Wewe umeniambia. Umenipa nafasi ya kutengeneza, Mungu akubariki, mwanangu. Naanza tena, mwaka mzima. Kishor asijue."

Neno lilikuwa tayari mdomoni kwa Lukresia. *Usifunge, Ba.* Halikuhitaji nguvu yoyote kulitamka. Akaufikiria mkono wa Ida, ule wa kulia, wenye bandeji.

"Ahsante, Ba," akasema.