Mkaa Ndani ya Matope

Mkaguzi hakuwa mkaguzi wa chochote. Alikuwa mfugaji wa kondoo kwenye uwanda wa juu, kule ambako nyasi hukauka miezi minane na baridi huingia hadi kwenye mifupa. Jina hilo alipewa na watani wake kwa sababu hakuwahi kupokea chai bila kuchungulia ndani ya kikombe. Hata siku ya harusi yake, wanasema, alimfunua bibi harusi uso mara mbili, ahakikishe ndiye.

Kwa hiyo binti mmoja mtafiti alipokuja na mabomba yake ya chuma kuomba chumba, Mkaguzi alimpa stoo iliyotazamana na dirisha lake. Binti alisema anachimba matope ya bwawa lililokauka, ajue nyasi za uwanda ziliwahi kupitia ukame gani.

"Mtu asafiri siku mbili kufuata matope?" Mkaguzi alimwambia mkewe. "Huyu ama anatafuta madini, ama ametumwa."

Alikuwa na sababu ya kushuku. Kamati ya ardhi ilitaka kuufunga uwanda, eti nyasi zinakufa kwa ukame na kwato za kondoo. Ukifungwa, familia yake ingeshuka mabondeni kwenda kuwa vibarua wa watu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa analala stoo.

"Baba, huku juu mnachoma nyasi?" binti aliuliza siku moja.

"Hatujawahi."

Uongo wa mchana kweupe. Walichoma kila mwaka, kipande kwa kipande, na mwenye kusema leo ndiyo siku alikuwa mkewe. Mama huyo huvunja bua, akalisikiliza, kisha akabonyeza shina kwa kidole gumba: juu pawe pakavu, chini pawe pabichi. Hapo moto hupita juu juu na mzizi ukabaki salama. Lakini sheria ilikataza, na aliyeshikwa alikwenda jela.

Katika mwezi wake wa pili hapo, binti aliwaita mume na mke stoo. Mezani palikuwa na mche mrefu wa tope uliotoka kwenye bomba lake, umepasuliwa katikati kama mkate.

"Huku chini ni miaka elfu sita," alisema. "Hapa mvua ilikatika karne nzima, mbaya kuliko sasa. Chavua ya nyasi ikapungua, halafu ikarudi. Kila mara imerudi. Na haya madoa meusi ni mkaa wa moto mdogo mdogo. Pale mkaa unapokosekana, vichaka vimesonga nyasi. Mkiwaeleza wanakamati jinsi mnavyochoma, hawawezi kusema ninyi ndio mnaoziua nyasi."

Mkaguzi akamvuta mkewe nje. "Umeona? Anatutafutia ushahidi. Ukikubali tu, pingu."

"Na tukikataa, mzee wangu?"

Mkaguzi akageuka kwenda zizini. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele yake.

Siku ya kikao cha kamati ya ardhi ukumbi ulijaa pomoni. Binti alipomaliza maelezo yake, mwenyekiti akamgeukia Mkaguzi. "Mzee, mnachoma?"

"Hatuchomi, mheshimiwa."

Mwenyekiti akatabasamu. "Basi mkaa huo ni wa radi. Nyasi zimejitunza zenyewe miaka yote hiyo bila ninyi. Zitajitunza hata mkiondoka."

Mkaguzi akaketi, akaelewa alichokifanya. Miezi miwili amelinda dirisha, kumbe mwizi yumo kinywani mwake mwenyewe.

Mkewe akasimama. "Ninachoma mimi," alisema. "Mwaka wa thelathini na moja huu, na nyasi ziko pale, nendeni mkazitazame." Akaeleza habari ya bua na shina, upepo wa kungojea, na kipande cha kupumzishwa. Mwenyekiti akaacha kuchezea kalamu.

Wanakamati walinong'onezana kwa muda mrefu. Uwanda haufungwi, mwenyekiti akatangaza mwishowe. Wafugaji wabaki, na suala la kuchoma litazamwe upya. "Ila sheria iliyopo ni sheria. Karani, andika jina la mama. Jumatatu afike kituoni."

Mkaguzi akamtazama mtafiti, akitafuta usoni mwake furaha ya mtu ambaye mtego wake umenasa. Binti alikuwa analia, kamasi zinamtoka, hana hata leso.

Mkaguzi akatembea hadi kwenye meza ya karani.

"Andika na langu," alisema. "Yeye huchagua siku. Kiberiti nashika mimi."