Sauti ya Mama Kabla ya Jumatatu

Daktari alisema Jumatatu, saa mbili asubuhi. Watamfungua Mama koo, watatoa uvimbe, na kisanduku cha sauti kitaondoka nao. Atakula, atapumua, atakwenda sokoni akitaka. Kusema, basi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akakaza kitambaa chake shingoni, akauliza kama wageni wanaruhusiwa wodini siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyetoka nikalia kwenye korido mbele za watu, mtu mzima na akili zangu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu. Yeye Mama anamwita Sugu, kwa sababu tangu utotoni unamwambia kitu mara tatu na bado anafanya lake. Mimi ananiita Pilipili, na sitaeleza kwa nini. Mimi ni fundi cherehani. Sugu ni mpiga picha, miaka ishirini na miwili ndani ya chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha kuzunguka na kioo cha kuchania nywele. Nusu ya watu tunaopishana nao njiani wana kazi yake kwenye vitambulisho vyao. Mtu anaingia amenuna, anatoka na picha ya mtu mwenye heshima zake. Sugu hana maneno mengi. Anachungulia kwenye kitundu cha kamera, anasubiri, anasubiri, na uso ukifunguka hata kwa sekunde moja, kidole kinabonyeza. "Mimi sibonyezi," huwa anasema. "Kidole chenyewe kinajua."

Sauti ya Mama ilikuwa imebaki kidogo. Akisema dakika kumi inakwaruza, akifika robo saa inazima, na hairudi mpaka kesho yake. Kwa hiyo tulikuwa na Jumamosi na Jumapili, mara mbili tu. Mama alitaka wajukuu wabaki na maneno yake kwa sauti yake mwenyewe, hasa wale wadogo ambao wasingeikumbuka. Nilimjaribu kidogo kwa simu yangu jioni ileile, nikasikia feni na gari la takataka, Mama kwa mbali kama yuko nyumba ya jirani. Sugu akaninyang'anya simu.

"Mama yangu simrekodi kwa simu kama ajali ya barabarani. Kesho nanunua kamera."

Kamera yake ya studio ilikuwa ya zamani, video haina kabisa. Jumamosi asubuhi, duka halijamaliza kufunguliwa, sisi tuko mlangoni. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mpole mwenye miwani kwenye paji la uso.

"Unataka ya kupiga picha," akamuuliza Sugu, "au ya mtu kukaa mbele yake akaongea, kama hawa wanaojirekodi mtandaoni?"

"Nataka ya yote."

"Ya yote ipo kwenye matangazo, dada yangu. Hapa dukani nina hii na hii."

Akaziweka mbili juu ya kioo cha kaunta. Kubwa ilikuwa nzito, nyeusi, imejaa mkononi. Ukipiga picha, alisema, unaweza kuhesabu kope za mtu, na hata chumba kikiwa na giza haitii chengachenga. Ile ndogo ungeweza kuitia kwenye mkoba wa sokoni. Haikuwa na kitundu cha kuchungulia. Kioo chake cha nyuma kinafunguka kikageukia mbele, anayesema akajiona. Inaufuata uso yenyewe. Mtu akiinama au akiegemea haimpotezi. Na ubavuni ina tundu la kuchomekea kipaza sauti.

"Hii kubwa haina hilo tundu?" nikauliza.

"Haina. Inasikia kwa masikio yake yenyewe, tena inasikia na lenzi yake inavyozunguka. Halafu muwe macho: video ikiwa inakwenda, mkigusa kitufe hiki cha picha, inakata video na kupiga picha. Haiendelei mpaka uianzishe upya."

Sugu hata hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshaweka jicho kwenye kitundu, uso umetulia, yuko nyumbani kwake.

"Dada, chukua ndogo."

"Hicho ni kitu cha kuchezea. Nikienda nacho kwenye harusi si watanicheka?"

"Harusi ya nani? Leo hatutaki picha, tunataka sauti!"

"Pilipili, mimi nakuelekeza wewe namna ya kukata kola?"

Muuzaji akashusha miwani. "Mshika mawili, dada yangu..."

"Moja humponyoka. Najua. Nifungie hiyo kubwa."

Nilitoka nje nikamsubiri barabarani, maana ningebaki mle ningesema neno la kuvunja undugu.

Saa tano Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa gauni la bluu nililomshonea mwenyewe. Tulizima feni, tukafunga mlango, tukamfuata jirani na kumwomba apunguze redio. Sugu akasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, akachungulia, akaanzisha video. Nukta nyekundu ikawaka. "Haya, Mama."

Mama akasema. Ee Mungu wangu, alisema! Aliwataja wajukuu mmoja mmoja. Alieleza alivyokutana na baba yetu na alivyombeza kwanza. Alisema anachokijutia na asichokijutia. Kisha akanigeukia mimi, akaniomba radhi kwa jambo ambalo sitaliandika hapa, jambo nililolisubiri tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Nililia nikasahau kila kitu kilichokuwamo chumbani. Nilisikia mlio mdogo, klik, na baadaye kidogo mwingine. Nilidhani ni kiti.

Dakika ya kumi na nne sauti ikazima. Mama akaonyesha koo lake, akatabasamu. Amemaliza.

Sugu akarudisha mwanzo ili tusikilize. "Wajukuu zangu, mimi bibi yenu nawasalimu..." Sauti ilikuwa chini, lenzi inasaga juu yake, lakini ilikuwa ni yeye. Ikafika dakika moja na sekunde sita. Ikakatika. Baada ya hapo kulikuwa na picha, tisa.

Zilikuwa picha nzuri kupita zote alizowahi kupiga, na nilizichukia kila moja. Mama akicheka kwa kumkumbuka baba. Mama akinitazama mimi, macho yamejaa maji, mdomo uko wazi kwenye neno lenyewe. Pale uso ulipofunguka, kidole kilibonyeza, na yeye mwenyewe hakujua. Mazoea yana tabu.

"Hospitali angalau wanasubiri Jumatatu," nikamwambia. "Wewe umemnyang'anya sauti leo."

Sugu aliketi sakafuni palepale, chini ya kamera yake mpya, ameushika mkono wake wa kulia kama umeungua. Nilitaka ajitetee ili nimuongezee, na hakujitetea. Mama akapiga makofi mawili ya kutunyamazisha. Akaichukua kamera, akazitazama picha zote tisa bila haraka, akarudi kwenye moja, akajitazama, akanyanyua dole gumba. Tukamtazama kwa hasira sote wawili.

Jumapili asubuhi Sugu alitoka bila kunywa chai. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja mpaka saluni iliyo mlango wa pili kutoka studio yake, kwa msusi. Msusi huyu ni binti wa watu, anasuka huku anajirekodi na kuongea na watazamaji wake, na kwa miaka miwili Sugu alikuwa akimsema waziwazi kwamba anaongea na ukuta. Tulimkuta ameshika kichwa cha mteja, kamera yake ndogo iko kwenye rafu.

"Shikamoo, dada," msusi akasema, kwa sauti ya mtu anayesubiri kutukanwa.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kukuomba. Mama yangu kesho anatolewa sauti. Jana nimeharibu. Nisaidie kamera yako, na unifundishe."

Msusi akamwacha mteja na nusu kichwa. Akachomeka kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, akamvalisha Sugu hedifoni, akamgeuzia kioo mbele. Kiboksi cha kijani kikang'ang'ania uso wa Sugu popote ulipokwenda. "Ukishaiwasha, iache," akasema. "Usiiguse tena. Haihitaji mtu."

Tuliporudi nayo nyumbani, Mama alikunywa maji ya uvuguvugu, akajaribu koo. Sauti ilikuwepo, nyembamba kuliko jana. Sugu akabana kipaza kwenye kola ya gauni, akawasha, nukta ikawaka, akamwambia Mama haihitaji mtu, akarudi nyuma akaukumbatia mkono wake chini ya kwapa.

"Mama, rudia yale ya jana."

"Ya jana nimeshasema. Aliyeyasikia kayasikia."

Moyo ukanipasuka, nasema kweli. "Mama, hata lile langu?"

"Ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Basi. Nililisema kwako, sikulisema kwa kamera." Akageuza kichwa. "Sugu, mbona umesimama huko kama askari wa benki? Njoo ukae."

"Nani ataangalia kamera?"

"Si umesema haihitaji mtu?"

Akaja. Tukakaa, Mama katikati, na kwenye kile kioo tukajiona watu watatu. Sugu alipojiona akaanza kujivuta kitambaa cha kichwa, akakaza shingo kama wateja wake wanavyofanya, na Mama akaangua kicheko. Kicheko chote kikaingia. Kisha Mama akatusema. Alieleza Sugu alivyokula sabuni akisingizia njaa. Alisema pindo zangu za zamani zilikuwa zinakwenda kama njia ya panya. Hakuna usia hata kidogo, soga tupu, na sauti inakwaruza zaidi kila sentensi. Sugu ndiye aliyekuwa na hedifoni, akiisikia kwa karibu kuliko mtu yeyote. Nikaona machozi yanamtoka.

"Mama, inaisha."

Mama akatikisa kichwa. Akavuta pumzi ndefu, akaugeukia mlango kana kwamba sisi tuko huko uani, wadogo, tunacheza, akaita kwa nguvu zake zote:

"Sugu! Pilipili! Njooni mle, chakula kinapoa! Siiti mara mbili!"

Ikaishia hapo. Midomo iliendelea kidogo, lakini hakikutoka kitu. Tulikaa hivyohivyo, mikono yetu mapajani mwake, nukta nyekundu ikiwaka.

Sasa ni mwezi wa nne tangu Jumatatu ile. Mama anapumua kwa tundu la shingoni, amenenepa, na jikoni haruhusu mtu. Ile video msusi alimtilia kwenye simu yake, akamfundisha kuikata kipande anachotaka. Siku ya kwanza nilikuwa uani na cherehani, Sugu anasafisha lenzi barazani, na nikasikia kutoka jikoni: Sugu! Pilipili! Njooni mle, chakula kinapoa! Mkasi ukanidondoka. Tulikimbia sote, wanawake wazima wenye watoto wakubwa, mimi nina kiatu kimoja, tukakuta amesimama mbele ya sufuria, simu mkononi, anatuonyesha sahani kwa mwiko.

Anafanya hivyo kila mchana. Tukichelewa, anabonyeza tena.