Shafti ya Trekta ya Debra

Mumewe ndiye aliyemfundisha Rachael kukereza chuma kwa mashine ya kukizungusha na kukichonga, na alipofariki watu wa mtaa wao wa Nyalenda walingoja mjane auze ile mashine. Rachael hakuuza. Alijifunga leso kiunoni akaendelea na kazi.

Siku moja Mzee Ooko, mkulima wa Luanda Kotieno, alimletea shafti iliyokatika vipande viwili. Ilikuwa ya trekta yake ndogo ya bustani, kuukuu, ya aina isiyotengenezwa tena. Bila shafti hiyo, nguvu ya injini haifiki kwenye magurudumu.

"Nichomelee tu, mama."

"Nikichomelea itakatika tena, mzee. Nitakukerezea mpya."

Mzee akaviweka vile vipande mezani. "Shamba naweza kulima kwa jembe. Ni Debra, mke wangu. Tangu mguu wake mmoja ulipopooza, trekta ndiyo iliyokuwa ikimtembeza. Sasa amenyamaza, hanigombezi tena, haombi hata kutolewa nje."

Rachael alikereza shafti, akaipeleka mwenyewe. Haikuingia. Vile vipande alivyopimia vilikuwa vimejipinda vilipokatika, urefu ukamdanganya. Debra alikuwa ameketishwa mlangoni ili aone. Alitazama, kisha akamwomba mumewe amrudishe ndani.

Hilo lilimuuma Rachael kuliko chuma kilichoharibika. Akalala chali chini ya trekta, akapima nafasi yenyewe, kutoka beringi moja inayoshikilia shafti hadi ya pili. Kabla ya kuondoka aliingia ndani alikokuwa Debra.

"Mama, nitarudi."

"Mafundi wote husema hivyo," Debra alijibu, bila ukali.

Alirudi. Safari hii shafti iliteleza ikakaa mahali pake. Injini ikakohoa, ikanguruma. Mzee Ooko alimbeba mkewe akamkalisha kwenye kiti cha trekta. Debra akavuta gia. Akapita kando ya mboga za sukuma wiki, akakata kona, akatoweka nyuma ya nyumba.

Mzee akaanza kumkimbilia.

"Mwache, mzee," Rachael alisema. "Mwache tu."

Walisimama wakisikiliza mlio ukienda mbali, ukitulia, kisha ukirudi. Debra alitokea upande wa pili, uso umelowa machozi, sauti ikiwa juu kuliko ya injini.

"Ooko! Ile mihogo umeipanda vibaya! Imebanana!"

Mzee Ooko akaketi chini pale pale kwenye udongo, akacheka hadi akashindwa kusema. "Nigombeze," alisema hatimaye. "Nigombeze, Debra. Usinyamaze tena."