Pumzi ya Mama Shu

Mama Shu Meixiang aliwauzia watu wa Hankou tambi za ufuta za asubuhi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mdomo wake ulikuwa nusu ya biashara. Mteja akithubutu kulalamika, alirushiwa maneno mpaka akaagiza bakuli la pili kwa kuomba radhi. Ugonjwa mpya wa mapafu ulipoingia jiji lao la Wuhan, ukamwangusha yeye na mumewe, mzee Tu, wakalazwa chumba kimoja, vitanda vikitazamana.

Sasa sikieni balaa lenyewe: Mama Shu akapona.

Homa ilikata, na matusi yakarudi hata kabla ya hamu ya chakula. Mzee Tu bado alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni, uji haumpiti kooni. Na Mama Shu alijua wazi: akiruhusiwa anapelekwa karantini, harudi tena humu. Nani atambembeleza mzee ale? Nani atamgeuza alale kifudifudi apate hewa? Aliogopa, basi. Aliogopa kwamba akivuka ule mlango hatamwona tena.

Kwa hiyo akaanza kukohoa kila Daktari Kuang alipoingia.

"Mama Shu, kikohozi hiki mbona kinaningoja mimi?"

"Ni hiyo dawa unayonukia, mwanangu. Inaniwasha."

"Damu ya asubuhi imekuchongea. Chembe nyeupe zilizopungua zimepanda tena, uvimbe umeshuka, na kipimo cha koo ni safi. Imebaki picha ya kifua tu. Ikiwa nzuri, unatoka."

Looo! Damu yake mwenyewe, aliyoilisha miaka yote hiyo, inamsaliti!

Wakamlaza kwenye mashine ya picha. Sauti ikasema: "Vuta pumzi. Ibane." Mama Shu akavuta, akaachia, akavuta tena, akaisonya mashine. Picha ikatoka imetetemeka, utadhani mapafu yalipigwa yakiwa mbioni. Wakarudia. Safari hii akaimba.

"Mama, hapa si jukwaani!" fundi wa picha akapiga kelele nyuma ya kioo.

Daktari Kuang akamrudisha chumbani, akaiinua ile picha dirishani, mbele ya mzee Tu.

"Tazama mwenyewe, mzee. Siwezi kujua mkeo amepona au hajapona. Na koridoni kuna mtu amekaa kitini tangu jana, anangoja kitanda."

Mama Shu akafungua mdomo, akaufunga. Watu wa mtaani kwake wangelipa kuona ajabu hiyo.

Mzee Tu akasogeza barakoa kidogo.

"Meixiang. Mimi pumzi... sina. Wewe unayo... unaichezea?"

"Nani atakulisha, bubu mkubwa we?"

"Nitakula... uji wote. Nenda... kaibane."

Akaenda. "Vuta pumzi. Ibane." Mama Shu akaibana. Akabana na hasira, na matusi, na machozi. Mashine ikamaliza, sauti ikasema pumua, yeye kimya, macho yamemtoka. Fundi akagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Mama! Tumemaliza! Pumua, utaniletea kesi!"

Picha ilitoka safi. Akaondoka bila kugeuka nyuma, maana angegeuka asingeondoka.

Huko karantini aliwapigia simu manesi kutwa kucha, mpaka wakaijua namba yake na kuikimbia. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: anakula kidogo, pumzi bado haimtoshi kusema. Mpaka asubuhi moja nesi mmoja akachoka, akamwekea mzee simu sikioni.

"Mzee! Umekula?"

"Nimekula, na uji wao huu ni mbaya kuliko hata zile tambi zako za siku ya kwanza ulizoziunguza mbele ya mama yangu."

Mama Shu akakaa sakafuni, simu ameikumbatia kifuani.

"Mmemsikia?" akawapigia kelele wenzake wa karantini, analia na kucheka. "Mmemsikia mshenzi yule? Kasema yote kwa pumzi moja!"